Breve ya miezi sita haiponyeshi mutu

Vijana wenzetu wa Butembo, Beni, Oicha, Lubero na kila kartie yenye haya maneno yatafika,

Leo tunaandika juu ya karatasi. Iko na muhuri, picha ndogo pembeni, na neno BREVE kwa herufi kubwa. Munaijua. Ku kuta za muji wetu, kutoka Bulengera mupaka Vulamba, kuko matangazo yenye kuiuza: «Laboratwari kwa miezi sita. Farmasi kwa miezi tatu. Staji iko, kazi iko. Lipa kidogo kidogo.»

Sisi wenye tunaandika ni lisansie wa sheria, wa ekonomi, wa agronomi, wa developma. Tulimaliza iniversite. Tuko na toge ku picha na hatuko na kazi. Tumebeba dosie mupaka enveloppe imepasuka. Na kila fasi tunapita, wazazi wanatuambia neno moja: «Mutoto, ongeza kitu ya afya. Ugonjwa haimaliziki. Mutu wa afya hakosi chakula.»

Njo vile na sisi tulianza kutafuta. Hatukutaka kuwa daktari. Tulitafuta kazi zenye zinamusaidia daktari kufanya yake: laboratwari, radio, kinezi, farmasi, nutrisio, usafi wa hospitali. Tulitaka masomo ya bei yenye muzazi wetu anaweza, na yenye inafundisha kweli. Inaonekana ni kitu kidogo. Ilituchukua mwezi muzima wa kutembea na miguu, na tulirudi na hasira. Hasira peke yake haisaidii mutu, njo maana tunaiweka hapa kwa mupango.

Yenye tuliona

Fasi ya kwanza ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka. Tuliomba kuona mikroskope. Wakasema iko ku reparasio. Tukauliza toka lini. Mwenye santre akacheka, akatuuliza kama tumekuja kusoma ao kufanya anketi.

Fasi ya pili, mikroskope ilikuwa, moja, kwa darasa yenye watu wamebanana mupaka ku mulango. Lakini lenzi ya mara mia, ile ya kutia mafuta, haikukuwa. Mwenye hajasoma laboratwari anaweza kufikiri ni kitu ndogo. Bila ile lenzi hauwezi kusoma goutte épaisse; mududu wa malaria hauuone. Ni kusema watoto wa watu wanasoma miezi sita namna ya kutafuta malaria na chombo yenye haiwezi kuonyesha malaria.

Fasi ya tatu walitufundisha kitu kingine. Walituonyesha arete ya wizara kwa furaha. Tukaisoma mupaka mwisho. Ilikuwa ya infirmie tu. Lakini ndani walikuwa wanafundisha radio pia, bila mashine ya radio. Mwalimu anaichora ku tablo na chaki.

Tuliona pia masomo ya kweli, tusidanganye. Fasi moja, fre zote zimebandikwa ku mulango, laboratwari iko wazi, wanafunzi wamevaa bluze na wanatoka staji ku hospitali. Mwenye kuongoza alijibu maswali yetu yote bila kukasirika. Tulipofanya hesabu ya minerval, staji, bluze, vitabu na fre za mwisho wa masomo, tukanyamaza. Muzazi mwenye anauza maragi ku soko hawezi. Hata muzazi mwenye ni mwalimu wa serkali hawezi.

Njo hii ndiyo hali. Ya kweli inatushinda bei, na yenye tunaweza bei haiko ya kweli.

Mwenzetu mumoja alilipa

Hatutataja jina lake, na ile santre hatutaitaja. Mama yake alikopa feza mu AVEC ya wamama wa kartie, na unajua feza ya AVEC: inarudi na faida yake, ao jina ya mama inaharibika mbele ya wenzake. Alisoma miezi sita. Walimupa breve ya laboratwari, wakapiga picha, wakakunywa sukari.

Akaipeleka ku hospitali moja. Muganga mukubwa aliiangalia, akaigeuza, akaiangalia tena. Akauliza kwa upole: «Mwanangu, hii ni ya wizara gani?» Mwenzetu hakujua kujibu. Alirudi ku santre kuuliza. Santre ilikuwa imehama. Jina ku mulango ilikuwa ya duka ya simu.

Mama yake alimaliza kulipa deni mwaka wenye ulifwata, na maragi. Ile breve iko bado ndani ya kabati, chini ya nguo. Anasema hawezi kuichoma juu iko na jasho ya mama.

Kwa sheria iko namna gani

Vijana wengi hawajui, na wenye kuuza breve wanakula juu ya kutojua kwetu. Basi tuseme.

Mu inchi yetu kuko njia mbili kubwa za kusoma kazi za afya chini ya iniversite ya udaktari. Ya kwanza ni ITM, masomo ya ngazi ya sekondari, chini ya Wizara ya Afya. Inachukua miaka ine, inaishia ku juri ya taifa, na inatoa A2. Ya pili ni ISTM, chini ya wizara ya masomo ya juu, ile ESU. Huko njo unapata laboratwari, radio, kinezi, nutrisio, sage-femme, afya ya jamii na mengine. Zamani ilikuwa graduat ya miaka tatu, A1. Toka mabadiliko ya LMD yalianza mwaka wa masomo 2021-2022, ni lisansi ya miaka tatu.

Diplome ya ISTM ya mutu binafsi haitoshi kusainiwa na mwenye masomo. Inapaswa kupita ku wizara ipate entérinement. Na kwa infirmie, kuko sheria ya mwaka 2016 yenye iliunda Ordre des Infirmiers: kusoma peke yake haitoshi, unapaswa kuandikwa ku Ordre.

Sasa mwenye kuuza miezi sita atuonyeshe njia yake iko wapi hapo. Tuliwauliza wote. Hakuna hata mumoja mwenye alituonyesha karatasi ya serkali yenye inasema miezi sita inatosha kupima damu ya mutu.

Juu ya nini tunapiga kelele

Mutu atasema: hii ni shida ya mashomeri, waachieni. Hapana. Sikieni.

Mutoto wa miaka mbili anafika ku hospitali usiku na malaria kali. Damu imeisha mu mwili, anapaswa kuongezewa. Nani anaamua ile damu inaingia? Daktari anaandika, ndiyo. Lakini mwenye anapima grupu ya mutoto, mwenye anapima kama mufuko wa damu iko na VIH, epatiti B, epatiti C ao sifilisi, mwenye anachanganya matone mbili kuona kama zinapatana, ni mutu wa laboratwari. Daktari anaamini karatasi yenye ule mutu amesaini. Mama wa mutoto anaamini daktari. Na ule mutoto ataamka ao hataamka kufwatana na kama mutu wa laboratwari alisoma kweli.

Basi maskini analipa mara mbili. Analipa breve ya mutoto wake mukubwa, kisha anapeleka mutoto wake mudogo mbele ya mwenye breve.

Ebola ilituacha na nini

Hapa kwetu hatuwezi kuongea afya bila kuongea Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018, ikatangazwa imekwisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu 3,470 walihesabiwa kuwa nayo, na 2,287 wakakufa. Kisha ikarudi mwezi wa pili 2021, huku huku kwetu, kwa muda mufupi.

Nani alibeba ile kazi? Wageni walikuja, kweli, na magari zao. Lakini mwenye kupima joto ku bariere, mwenye kufwata watu wenye waligusana na mugonjwa siku 21, mwenye kupuliza klori mu nyumba za watu, mwenye kuzika huku anatupiwa mawe, alikuwa kijana wa hapa. Wakubwa wetu. Dada zetu.

Dada mumoja wa kundi letu alikuwa mutu wa usafi mu santre ya matibabu. Mupaka leo umuulize usiku wa manane atakuambia: klori ya 0,05 kwa mikono, ya 0,5 kwa sakafu na vyombo, na kuvua ile nguo ni hatari kuliko kuivaa. Iko na atestasio tatu zenye alama za mashirika makubwa. Alizipeleka ku masomo ya kweli, wakamuambia: «Anza mwaka wa kwanza, lipa yote», sawa mutu mwenye hajawahi kukanyaga hospitali. Akazipeleka ku santre ya avenyu, wakamuambia: «Leta dola, breve yako itatoka mbele ya mwezi kwisha.»

Angalia hiyo vizuri. Mwenye anajua hapewi karatasi, na mwenye hajui anauziwa karatasi. Kama kuna njia ingine ya kuharibu afya ya provinsi muzima, sisi hatuijui.

Wanatujibu nini

Wanasema: «Vijana wa leo munapenda haraka.» Kidogo iko kweli, na tutakubali kosa yetu. Kati yetu kuko wenye walijua ile santre ni ya uongo, wakalipa hata hivyo, juu walitaka karatasi ya kutia mu dosie ya ONG. Mwenye kununua breve ya uongo ni ndugu wa mwenye kuiuza. Tuache hiyo. Lakini haraka yenyewe inatoka wapi? Mutu wa miaka 25 mwenye lisansi, mwenye anakula ku nyumba ya baba yake, umuambie arudie miaka ine ao tatu bila kuhesabu hata somo moja lenye alisha kusoma: atakimbilia miezi sita. Statistiki tulisoma. Kemi, wenzetu wa agronomi walisoma. Hakuna mwenye anazihesabu.

Wanasema: «Zile santre zinasaidia maskini.» Msaada gani yenye inahama usiku?

Wanasema: «Iko vita, serkali haina feza.» Vita njo inatuongezea haja. Watu wa Beni wenye walikatwa na panga, wenye risasi ilivunja mifupa, wanahitaji mutu wa kinezi awafundishe kutembea tena. Wakimbizi wa vita wanahitaji mutu wa nutrisio mwenye anajua kupima mukono wa mutoto. Na kubandika orodha ya masomo yenye inaruhusiwa inaomba feza gani? Karatasi na kole. Toka mwezi wa tano 2021 tuko mu état de siège. Wenye mamlaka wanajua kufunga barabara, wanajua kutawanya maandamano yetu mu dakika kumi. Basi wajue pia kufunga mulango moja ya chumba yenye inafundisha radio na chaki.

Wanasema: «Muende Uganda.» Wenzetu wengi walipita Kasindi, wakaenda. Hatuwalaumu. Uganda iko na sertifika za hizi kazi zenye serkali inazijua: iko na baraza yenye inaandika watu wa laboratwari, radio, kinezi na wengine, kwa sheria ya mwaka 1996, na iko na ofisi ya mitihani ya kazi za afya, ili masomo isijipimie yenyewe. Hiyo tunaitaka na hapa. Lakini mwenye anaenda anapaswa kujifunza Kiingereza kwanza, analipa chumba, na akirudi anaambiwa atafute equivalence. Tuliingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Magari ya bidhaa yanapita Kasindi kila siku. Diplome ya mutoto wa Butembo inakwama.

Tusidanganyane juu ya kazi

Kuko neno moja yenye wenye kuuza breve hawasemi, na sisi tutaisema hata kama inauma. Hata diplome ya kweli haikupi mushahara. Uende ku kituo cha afya yoyote, uulize infirmie kama serkali inamulipa. Wengi watakuambia wanangojea miaka na miaka namba ya kazi. Wanaishi na prime yenye inachelewa ao na sehemu ya feza yenye wagonjwa wanaleta. Kwa hiyo muzazi mwenye anataka kuuza shamba juu mutoto asome afya «ndani ya mwaka apate kazi», tunamuomba: papa, mama, ngojeni kwanza. Shamba ikishaenda hairudi.

Mwenye anapenda ile kazi, asome. Lakini asome kweli, kwa bei yenye haiui nyumba yake.

Tunaomba nini

Kwa Divizio ya Afya ya provinsi na kwa wenye kusimamia masomo ya juu huku kwetu:

Moja. Mubandike orodha ku kila komini, ku kila zone ya afya na ku milango ya makanisa: masomo gani inaruhusiwa, kwa filiere gani, kwa arete namba gani. Isiwe jina ya masomo tu. Filiere kwa filiere.

Mbili. Kila masomo ibandike fre zote ku mulango mbele ya mwaka kuanza, pamoja na za staji na za mwisho. Yenye haikubandikwa, mwanafunzi asiilipe.

Tatu. Mufunge santre zenye ziko bila ruhusa, na mwenye santre arudishe feza. Kufunga bila kurudisha ni kumuadhibu mwanafunzi tena.

Ine. Wenye walifanya Ebola wapimwe na mutihani ya kweli, ya mikono na ya kichwa. Mwenye anashinda, apunguziwe miaka. Mwenye anaanguka, aanze mwanzo kama wengine.

Tano. Kwa wenye lisansi ya kazi zingine, kuwe njia ya mangaribi na ya siku ya posho, yenye inahesabu masomo yenye walisha kufanya. Hatuombi zawadi. Tunaomba hesabu.

Kwa hospitali: feza ya staji muipunguze. Mwanafunzi mwenye anaosha vyombo na kukesha na wagonjwa wenu anawasaidia. Kwa nini anawalipa?

Na wewe mwenye unasoma hapa

Mbele ya kutoa hata franga moja, enda na haya maswali manane. Yakopi mu simu yako, yapeleke kwa dada yako, kwa mutoto wa jirani:

1. Arete yenu ni ya wizara gani, namba gani, na inataja filiere yangu?
2. Diplome za wenye walimaliza zinapita entérinement ao juri ya taifa? Nionyesheni moja.
3. Mikroskope ngapi, mashine gani, na wanafunzi wangapi kwa kila moja? Naomba kuziona leo, hapana kesho.
4. Nani anafundisha mazoezi, na anafanya kazi ku hospitali gani?
5. Staji ni wapi, miezi ngapi, na karatasi ya mapatano na ile hospitali iko wapi?
6. Fre zote kwa jumla, kutoka siku ya kwanza mupaka diplome, ni ngapi?
7. Ninalipa ku banki ao mukononi? Resu iko na muhuri?
8. Watu watatu wenye walimaliza mwaka jana wako wapi? Nipeni namba zao za simu.

Mwenye masomo ya kweli atajibu. Mwenye masomo ya uongo atakasirika. Akikasirika, shukuru Mungu, juu amekuokolea feza.

Siku ya posho tutapita mu komini ine za muji, wawili wawili, na haya maswali ku karatasi. Hakuna matusi, hakuna mawe, hakuna kufunga barabara. Tutaingia, tutauliza, tutaandika majibu, na tutayapeleka ku biro ya muji na ku zone ya afya. Kisha siku kumi na tano tutarudi kuuliza walifanya nini nayo. Mwenye iko na breve yenye haina wizara, aje nayo. Mwenzetu mwenye tulisema amekubali kuitoa mu kabati. Mama yake amesema atakuja naye.